Imefanyiwa Utafiti kwa Nani?

Mhadhara wa hadhara uliotolewa Tanga mbele ya wauguzi, wauzaji wa maduka ya dawa, walimu na wananchi



Kazi yangu ni ukutubi. Nimekaa miaka mingi katika maktaba ya kitabibu, na wanaonijia ni madaktari, wanafunzi na wauguzi. Siku moja, baada ya adhuhuri, aliyeingia alikuwa shangazi yangu. Hakuwahi kukanyaga pale. Nilimwamkia, akaitikia, akaketi, akafungua mkoba wake akatoa kopo jeupe na kuliweka mezani, kati ya vitabu.

"Mwanangu, wewe ndiye msomi wetu," akaniambia. "Hii dawa lishe ya manjano wanasema imefanyiwa utafiti. Ni kweli?"

Nikaandika jina la kiambato kwenye kompyuta, kurkumini. Zikatoka makala kwa maelfu. Nikamgeuzia kioo aone mwenyewe, nikamwambia, "Ndiyo shangazi, imefanyiwa utafiti mwingi sana." Akashukuru, akarudisha kopo mkobani, akaondoka ameridhika. Usiku ule sikulala vizuri. Shangazi yangu ana presha na anameza dawa kila asubuhi. Aliniuliza kama imefanyiwa utafiti, nami nilimjibu hilo hilo. Jibu langu lilikuwa la kweli, na halikumsaidia kitu.

Nimekuja kuwaeleza nilipaswa kumjibu nini. "Imefanyiwa utafiti" ni sentensi iliyokatwa katikati. Ukiisikia, imalizie: imefanyiwa utafiti kwa nani, kwa kipimo gani, na ikalinganishwa na nini? Anayewauzia asipojua, makala zipo, na nyingi zinasomeka bure.

Niwape mfano wa hapa nyumbani. Mwaka 1995, Dar es Salaam, watafiti wa Muhimbili pamoja na wenzao wa Harvard walianza kuwaandikisha wajawazito wenye virusi vya UKIMWI katika jaribio la vitamini. Walifika 1,078. ARV zilikuwa bado hazijawafikia akina mama wa kawaida katika nchi hii. Waligawanywa kwa bahati nasibu: wengine wakapewa vitamini za kundi B pamoja na C na E, wengine vitamini A pamoja na betakarotini, wengine zote kwa pamoja, na wengine kidonge tupu kinachofanana na vile vingine. Matokeo ya miaka iliyofuata yalichapishwa mwaka 2004. Kati ya waliopata B, C na E, asilimia 24.7 walifikia hatua ya mwisho ya ugonjwa au walifariki. Kati ya waliopata kidonge tupu, ni asilimia 31.1.

Tazameni hesabu hizo kwa makini. Mwenye gazeti ataandika kuwa vitamini zilipunguza hatari kwa karibu asilimia 29, na hakosei. Lakini ukitoa 24.7 kwenye 31.1 unabaki na 6.4. Katika akina mama 100, sita hivi walinusurika na balaa lile kwa sababu ya kidonge. Sita ni wengi mno pale ambapo hakuna tiba nyingine, na kidonge chenyewe ni cha bei ndogo. Ila sita na ishirini na tisa hazisikiki sawa masikioni, na mwenye duka daima atakutajia kubwa. Mwombe namba zote mbili.

Halafu kuna vitamini A. Ndiyo iliyotarajiwa zaidi, kwa sababu tafiti za awali zilikuwa zimeonyesha kuwa wajawazito wenye kiwango kidogo cha vitamini A katika damu huwaambukiza watoto wao zaidi. Fikra ikawa nyepesi: wakipewa, maambukizi yatapungua. Yaliongezeka. Watoto wa akina mama waliopewa vitamini A na betakarotini waliambukizwa zaidi kuliko wa wale ambao hawakupewa. Kama jaribio lile lisingekuwa na kundi la kulinganisha, tungeendelea kuwagawia akina mama vidonge vile kwa nia njema kabisa, huku tunawadhuru watoto wao.

Jaribio la pili lilifanyika mji huo huo, kwa vitamini zile zile za B, C na E. Kati ya 2006 na 2008 waliandikishwa watu 3,418 waliokuwa wakianza ARV. Nusu walipewa vitamini kwa kipimo kikubwa, nusu kwa kipimo cha kawaida cha mahitaji ya siku. Kipimo kikubwa hakikupunguza vifo wala kuzuia ugonjwa kusonga mbele. Badala yake, damu za waliokimeza zilianza kuonyesha dalili za ini kusumbuka, na jaribio likasimamishwa mapema mwaka 2009. Ripoti yake ikatoka mwaka 2012.

Kiambato ni kile kile na mji ni ule ule. Kilichobadilika ni mgonjwa, ambaye sasa ana ARV, na kinacholinganishwa, ambacho sasa si kidonge tupu. Mtu anaweza kukusomea ripoti ya 2004 leo, neno kwa neno, bila kudanganya, na bado akakuuzia kitu kisichokufaa.

Sasa twende Pemba, hapo ng'ambo tu ya maji. Kisa hiki huwa nakisimulia taratibu, kwa sababu ndicho kilichonifundisha kazi yangu.

Watoto wengi wa Pemba walikuwa na upungufu wa damu. Damu inahitaji madini ya chuma, na chakula chao hakikuwatosheleza. Ushauri wa dunia wakati ule ulikuwa wazi: wapewe watoto wote madini ya chuma na asidi ya foliki. Ungemuuliza mwalimu yeyote wa lishe angekubali, na mimi ningekubali. Mwaka 2002 likaanzishwa jaribio la watoto wa umri wa mwezi 1 hadi 35, na jumla yao walifika 24,076. Hebu fikirieni ukubwa wa kazi hiyo katika kisiwa kidogo kama kile. Wengine walipewa kila siku miligramu 12.5 za chuma na maikrogramu 50 za asidi ya foliki, na wachanga wakapewa nusu yake. Wengine walipewa hivyo pamoja na zinki, wengine kidonge tupu. Mama hakujua mwanawe yuko kundi gani, wala aliyemletea kidonge hakujua.

Tarehe 19 Agosti 2003 vidonge vya chuma vikasimamishwa. Kamati iliyokuwa ikichungulia takwimu iliona kuwa watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki walikuwa wakilazwa hospitalini au kufariki zaidi kuliko waliopewa kidonge tupu, kwa asilimia 12. Maelezo yaliyotiliwa uzito zaidi ni malaria: Pemba ya miaka ile ilikuwa na malaria mwaka mzima, na vimelea vyake, kama mtoto mwenyewe, vinahitaji chuma.

Wengi huishia hapo, wakasema chuma ni sumu kwa watoto wa kwetu. Lakini ndani ya jaribio lile kulikuwa na kundi dogo lililofuatiliwa kwa karibu zaidi, ambalo lilipimwa damu mwanzoni na kutibiwa malaria mapema. Katika kundi hilo, watoto waliokuwa na upungufu halisi wa chuma walinufaika. Walipata madhara machache kuliko wenzao wenye upungufu waliopewa kidonge tupu. Na katika toleo lile lile la jarida la Lancet la Januari 2006, kurasa zinazofuata moja kwa moja, kuna jaribio pacha la kusini mwa Nepal, mahali ambapo malaria si tatizo kubwa. Kule chuma hakikuonekana kuongeza vifo.

Basi chuma kwa watoto ni kizuri au kibaya? Mama wa Wete huko Pemba akikuuliza, itabidi nawe umuulize: mwanao ana upungufu wa damu? Amepimwa? Analala ndani ya chandarua? Akipata homa, zahanati iko umbali gani? Shirika la Afya Duniani lenyewe lilibadili ushauri wake baada ya Pemba, na leo linasema kuwa penye malaria chuma kiende sambamba na kinga, vipimo na matibabu ya malaria. Ushauri huo unatokana na watoto 24,076 wa kisiwa ambako wengi wetu hapa tuna ndugu. Huniuma ninapoona kisa hiki kinajulikana zaidi London na Geneva kuliko Tanga.

Wauguzi mlioko hapa mnaijua asidi ya foliki kwa mlango mwingine. Mjamzito huipata kliniki, na huipata pamoja na SP ya kumkinga na malaria. Kipimo kinachopendekezwa ni miligramu 0.4 kwa siku. Lakini vipo vidonge vya miligramu 5, na miligramu 5 kwa siku inaweza kuidhoofisha SP, kwa sababu SP hufanya kazi kwa kumnyima kimelea foliki. Mama akinunua vya miligramu 5 dukani kwa kuona namba kubwa ndiyo bora, anakula kinga yake mwenyewe. Tofauti yote iko kwenye namba moja iliyoandikwa ubavuni mwa boksi, na sijawahi kuona bango dukani linaloisema.

Nirudi kwenye kopo la shangazi. Kesho yake nilimwendea nyumbani, nikaliomba, nikakaa nalo barazani penye mwanga. Mbele kuna picha ya kipande cha manjano na majani mabichi. Nyuma, kwa herufi ndogo ambazo ilibidi nivue miwani nisogeze jicho, kuna orodha: kurkumini, tangawizi, kiini cha pilipili manga, na mimea mingine minne. Mbele ya orodha yote kuna namba moja tu: mchanganyiko maalumu, miligramu 650. Kila kimoja ni kiasi gani, hakuna. Chini kabisa kuna sentensi ya Kiingereza isemayo kuwa bidhaa hii haikusudiwi kutibu wala kuzuia ugonjwa wowote. Sentensi hiyo imetokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1994, ambayo haimlazimishi mwenye bidhaa ya aina hii kuthibitisha kuwa inafanya kazi kabla ya kuiuza. Shangazi hasomi Kiingereza. Aliyemuuzia alimwambia inatibu magoti, sukari na presha.

Mtu asiyejua kipimo hawezi kulinganisha kopo lake na utafiti wowote. Hilo peke yake lingetosha kunipa jibu siku ile ya kwanza. Lakini niliendelea.

Kwenye manjano ya jikoni, kurkumini ni sehemu ndogo, kama asilimia 3 ya uzito. Na ikimezwa yenyewe, mwili huifyonza kidogo mno. Ndiyo sababu watengenezaji huongeza piperini, kiambato kinachoipa pilipili manga ukali wake. Utafiti wa India wa mwaka 1998 ulionyesha kuwa piperini inaongeza kurkumini mwilini kwa takriban mara 20, na kila tangazo linautaja. Lisilotajwa ni namna inavyofanya hivyo: inazuia vimeng'enya vya utumbo na ini vinavyovunja vitu vingi tunavyomeza, zikiwemo dawa nyingi za hospitali. Kwa mwenye presha anayemeza dawa kila siku, jambo hilo ni la kumuuliza mfamasia kabla ya kufungua kopo.

Makala zile za maelfu nazo zilisema nini? Nyingi ni za seli ndani ya kisahani cha maabara, na nyingi ni za panya. Mwaka 2017 wanakemia wa Marekani wakiongozwa na Kathryn Nelson walipitia fasihi yote ya kurkumini, yakiwemo majaribio zaidi ya 120 kwa binadamu, wakahitimisha kuwa hakuna jaribio lenye kundi la kidonge tupu na lililofichwa pande zote mbili lililofanikiwa. Walieleza pia kuwa molekuli yenyewe hudanganya vipimo vya maabara, ikaonekana inafanya kazi pale ambapo inavuruga tu kipimo. Wapo waliowapinga, na yapo majaribio ya maumivu ya goti yaliyoonyesha nafuu kiasi, mengi yakiwa madogo na ya muda mfupi. Hilo nalo nililiandika kwenye karatasi niliyokuwa nikimwandalia shangazi, maana magoti yanamuuma kweli. Kisha mwaka 2022 madaktari wa Marekani wakaripoti wagonjwa 10 walioumia ini kutokana na vidonge vya manjano. Mmoja alifariki. Ni wachache mno ukilinganisha na wanaovitumia, lakini nani angemwambia shangazi akiona macho yake yana rangi ya njano aache na akimbilie hospitali?

Sisemi lolote baya juu ya manjano ya pilau. Nazungumzia kiini kilichokamuliwa na kuongezwa nguvu.

Mtaniuliza vitu hivi navipata wapi. Pa kwanza mimi huenda kwenye kurasa za Ofisi ya Virutubisho vya Ziada iliyo chini ya Taasisi za Taifa za Afya za Marekani. Zinaeleza kila vitamini na kila madini: mahitaji ya siku, kiwango cha juu kisichopaswa kuvukwa, na dawa zinazogongana nacho. Ni bure na haziuzi kitu. Kwa habari za ini, taasisi hizo hizo zina hifadhi iitwayo LiverTox. Kisha Cochrane, mtandao ulioanzishwa mwaka 1993 ambao hukusanya majaribio yote ya swali moja na kuyapima ubora kabla ya kuyajumlisha. Mapitio yake yana muhtasari wa lugha nyepesi, na baadhi ya mihtasari hiyo imetafsiriwa kwa Kiswahili. Waanzishieni mama zenu huko.

PubMed ndiyo iliyonipoteza mimi na shangazi. Ni orodha ya makala zaidi ya milioni 35, na orodha haichagui kati ya nzuri na mbaya. Ukiitumia kwenye kompyuta, kushoto kuna visanduku vya kuchuja. Weka alama kwenye kile cha mapitio ya kimfumo au cha majaribio ya bahati nasibu, na utaona maelfu yakiyeyuka. Hapo ndipo kusoma kunapoanza.

Kuna kikwazo kimoja cha kwetu. Ukiandika mlonge utapata vichache, ukiandika habbat soda utakosa mengi. Andika jina la kisayansi: Moringa oleifera, Nigella sativa, na kwa manjano Curcuma longa. Na ukishalipata, angalia ni sehemu gani ya mmea. Majani ya mlonge tunayapika mboga, lakini utafiti wa majani hausemi chochote kuhusu mizizi, wala wa maji yaliyochemshwa hausemi juu ya kiini kilichokamuliwa kwa spiriti. Wauzaji wengi wanachanganya hayo, na sidhani kama wengi wao wanafanya makusudi.

Ukifungua makala, usianzie hitimisho. Anzia sehemu ya mbinu, ambapo wanaeleza waliwachukua watu gani. Mwaka 1994 Finland ilitoa matokeo ya wanaume 29,133, wote wavutaji sigara, ambao baadhi yao walipewa miligramu 20 za betakarotini kila siku. Wapenda matunda hupata saratani kidogo, na matunda yana betakarotini, kwa hiyo ilitarajiwa kuwakinga. Saratani ya mapafu iliongezeka kwa asilimia 18. Miaka miwili baadaye jaribio la Marekani la wavutaji na waliofanya kazi na asbesto likasimamishwa kwa sababu hiyo hiyo. Karoti haikuwa na hatia hata kidogo, na asiyevuta hakuhusika na jaribio lile. Lakini mvutaji anayenunua kopo la vitamini za macho anapaswa kulijua.

Baada ya hapo ruka hadi mwisho mwisho, waliolipia utafiti wanapotajwa. Kampuni kulipia haimaanishi uongo. Inamaanisha usome mara ya pili. Ukiwa na muda, itafute kwenye rejista ya majaribio, ama ile ya Marekani ama ile ya Afrika iliyoko Cape Town, uone kama walichoahidi kupima mwanzoni ndicho walichoripoti. Nimekuta jaribio lililosajiliwa kupima sukari, likaripoti hamu ya kula.

Wenzangu wa vyuo na hospitali, msilalamike kuwa majarida ni ya kulipia kabla ya kumuuliza mkutubi wenu. Tangu mwaka 2002 Shirika la Afya Duniani lina mpango uitwao Hinari unaozifungulia taasisi za nchi kama yetu maelfu ya majarida. Nenosiri liko maktabani, na mara nyingi halijaombwa na mtu kwa wiki nzima.

Shangazi nilimsomea karatasi yangu pale barazani, naye akanisikiliza hadi mwisho. Aliniuliza swali moja: "Kwa hiyo siku ile ulivyoniambia ndiyo, ulikuwa hujasoma?" Nikamwambia, sikuwa nimesoma. Aliinuka akaliweka kopo juu ya kabati, akasema Jumanne ana kliniki ya presha na atakwenda nalo amwonyeshe daktari. Alikwenda nalo, pamoja na karatasi.

Pale nje, chini ya mwembe, tumeweka meza na kompyuta mbili zenye intaneti, na nitakuwepo hadi magharibi pamoja na wanafunzi wawili wa famasia. Walioandika mwaliko waliwaomba mje na makopo na vibahasha vyenu vya nyumbani. Nimewaona wengi mmekuja navyo. Tuanze na aliyekaa nyuma kabisa, maana amesimama muda mrefu.